Mikebe ya Dishon

Otonglo, Juni 1991

Maua ya kaka yako yamechanua! Marigodi makubwa kama ngumi, mikebe yote ya mafuta imejaa! Adero binti yangu, salamu baadaye. Hapa Otonglo hakuna mama mwenye maua kama yangu. Mke wa pasta alisimama kwenye ua akishangaa, nikamwambia, "Tazama tu, Mama Pasta, mbegu alizipanda kijana wangu."

Tangu mtumbwi urudi bila Dishon, kila asubuhi nilikuta udongo wa mikebe umelowa, unanuka ziwa, na mimi sijatia maji. Ndiyo maana nilimkatalia baba yako kuzika tunda la yago badala ya mwili, kama wanavyozikwa waliopotelea majini. Ningezikaje tunda na mtoto bado ananyweshea maua yake?

Leo yamechanua, na udongo ni mkavu kabisa. Nimemwambia baba yako akachume hilo yago. Maua nitayatoa mikebeni mwenyewe, niyapande juu ya kaburi.

Watoto wavae vizuri, watu wajue Dishon alikuwa na watu wake.

Ni mimi, Mama Dishon. Tunawangoja nyote Jumamosi.