Profesa, Leo Tunaondoa Vikwazo Vyako

Mwaka umetimia, Profesa, tangu uondoke ukaacha viatu vyako mlangoni, na hakuna aliyepata nguvu ya kuvisogeza.

Maisha yako yote ulichunguza jambo moja: namna nchi yenye mali inavyoikalia nchi nyingine kooni bila kufyatua risasi. Inafunga soko, inazuia mafuta, inanyima mkopo, kisha inasubiri. Ulitueleza mezani, kopo la chumvi likiwa nchi kubwa na vikombe vikiwa nchi ndogo, mpaka chai inapoa.

Ulikuwa mpole. Kazi za wanafunzi ulizisahihisha kwa penseli, eti wino mwekundu unawatia homa.

Lakini siku ya mhadhara wako mkubwa, mdogo wako, mlinzi aliyetoka lindoni alfajiri ile, alikaa mstari wa mbele akakoroma mpaka mkuu wa chuo akakohoa kumwamsha. Ukamwekea vikwazo. Asile kwako, asitajwe, simu yake isipokelewe. Nasi tukakufuata, maana msomi ni wewe.

Uliandika kitabuni kwamba vikwazo huumiza wasiohusika, na kwamba huvuja. Kweli kabisa. Vilivuja jikoni kwako kila Jumapili, ndani ya kikapu cha mama yako, chini ya nguo chafu.

"Mama, mbona nyama haikai nyumba hii?" uliuliza.

"Waulize panya, mwanangu. Siku hizi wana vitambi."

Ulipolazwa, mama yako alikusihi, "Mwite mdogo wako, baba."

"Bado nalifikiria, Mama."

Ukaondoka ukiwa bado unalifikiria. Siku ya mazishi mdogo wako alisimama nje ya geti kama mtu asiye na kadi ya mwaliko, kofia ameishusha usoni.

Mwaka mzima tumeendelea kumnunia kwa niaba yako, na tumechoka, Profesa. Magoti ya mama yako yamekwisha. Kikapu hakibebeki tena. Basi leo mdogo wako anakula hapa, kwenye kiti chako, maana kingine kimevunjika mguu. Ukitaka kukasirika, kasirika. Akisinzia, tutamfunika shuka.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, dada yako mshonaji, mama yako mvusha magendo, na mdogo wako, ambaye leo anatajwa pamoja nasi.

Kukusahau hatuwezi, hata kwa uchovu huu.