Nilipendezesha Faili za Wagonjwa, na Wakaguzi wa Bima Wanakuja Alhamisi

Mpendwa mshauri Bi Zena, naomba msaada, ingawa mtu wa kiwango changu kwa kawaida huombwa, haombi, maana hii kliniki yetu ya Kilimani ingekuwa imefungwa zamani kama si mimi, daktari anashika kisu lakini faili nashika mimi, na juzi nilipolala na homa wagonjwa walikaa tu kwenye viti wakiniulizia, hata mmoja akapona kwa kusubiri.

Sasa sikiliza. Mwenye kliniki, Bwana Bhavesh, alituita akasema kampuni ya bima inatuma wakaguzi kutoka nje Alhamisi, watachagua faili wanazotaka, kisha walinganishe bili tulizowatumia na yale daktari na manesi waliandika siku mgonjwa alipotibiwa, na yasipolingana wanavunja mkataba, na bila huo mkataba sisi sote tunaenda nyumbani. Akanigeukia, "Mzee Hezekiah, faili ni zako. Tayarisha."

Bi Zena, mimi nimelelewa na mama ambaye mgeni akija, hata wa kupitia tu, vikombe vya kabatini vinatoka na vitambaa vya makochi vinafuliwa. Nikafungua zile faili nikaona aibu. Madoa ya chai, nesi mmoja ameandika na kalamu nyekundu, mwingine ameandika pembeni kama anapanda ukuta, na mwandiko wa daktari ni kama siafu waliomwagiwa maji. Wageni wa bima waone hii? Nikanunua kalamu za bluu, nikajifungia stoo, nikaandika kila karatasi upya kwa mwandiko wangu, ule ambao chifu wa kwetu alikuwa akiuazima kwa barua zake za mapenzi. Sahihi za manesi pia nikaziweka, nzuri kuliko zao. Zile karatasi kuukuu nikatia kwenye gunia.

Bwana Bhavesh alipitisha macho akanipigia makofi mbele ya watu, nami nikarudi nyumbani Satellite kwa maringo na kuwaambia majirani nimepandishwa cheo. Kumbe! Kesho yake Sista Beryl, nesi wetu, akaingia stoo, akafungua faili moja, akafungua nyingine, akakaa juu ya gunia.

"Anko, hii ni mwandiko ya nani?"

"Si unaona ni safi?"

"Manesi wote mwandiko moja, kalamu moja! Hao watu watasema tulikaa chini jana tukatunga wagonjwa. Na hii sahihi yangu umeichora na maua!"

"Hilo ni pambo tu, Sista."

"Pambo? Leseni yangu ndio itaenda na hiyo pambo. Ambia Bhavesh leo, ama nimwambie mimi."

Nikisema, ninaaibika, na majirani wameshakunywa soda za cheo. Nikinyamaza, Beryl anaumia, na ndiye pekee hunidunga sindano bila kunicheka. Haron, bawabu wetu, anashauri nichome gunia nisingizie panya.

Tena hili ni kati yetu: mahali nilishindwa kusoma mwandiko wa daktari, niliandika malaria. Kuna kijana wa Kileleshwa alianguka na boda boda, akafungwa plasta mguu mzima kwa sababu ya malaria.

Hezekiah, Satellite

JIBU LA BI ZENA

Hezekiah kaka yangu, nilicheka kwanza, kisha nikashika kichwa. Najua hukuiba na hukukusudia ubaya. Lakini mkaguzi si mgeni wa kutolewa vikombe! Lile doa la chai ndilo analolitafuta, kwa sababu karatasi iliyoandikwa siku ile ni shahidi, na hiyo yako safi ni shahidi aliyefundishwa la kusema. Bili inasema plasta, karatasi yako inasema malaria. Wizi ambao haukuwepo umeutengeneza kwa mkono wako.

Kiberiti usikiguse. Leo wewe ni mjinga tu, ukichoma gunia utakuwa mhalifu, na Haron hatakuja kukuona rumande.

Beba hilo gunia hadi ofisini kwa Bwana Bhavesh, Beryl akiwa shahidi. Karatasi za asili zirudi kwenye faili zao, na madoa yake. Hizo zako zitolewe zote, zisichanwe, ziwekwe kando na maelezo kwamba uliziandika wewe, na Bhavesh awaambie wakaguzi kabla hawajauliza. Pasiposomeka, daktari asome mwandiko wake mwenyewe. Kisha mwombe Beryl msamaha, na katika msamaha huo usitaje uzuri wa sahihi.

Aibu itakuwepo. Bora iwe yako kwa wiki moja kuliko iwe ya Beryl maisha yake yote. Ukishasema ulichofanya, nyamaza, usijisifu. Gunia ni jepesi. Hapo kwenye kunyamaza ndipo utatoa jasho.