Kengele Ambayo Mama Yako Aliikataa

Mwaka umeshazunguka, Bright Maate, tangu tukuzike hapa Bwera mvua ikinyesha, na kanisa liko pale pale ng'ambo ya barabara limefungwa. Wazee wa kanisa walisema turubai ingetosha. Tulinyamaza, kwa sababu siku ile hatukuwa na nguvu za kugombana na mtu. Leo tunazo.

Ulikuwa mtu wa watu. Ukitoka kazini Kasese siku ya Ijumaa, ulianzia jikoni kwa mama yako, Alisi. Unafunua sufuria hata viatu hujavua, naye anakuchapa mkono kwa mwiko. Mkeo Edisa alikuwa akilalamika kwamba ana mume wa Jumamosi tu, maana Jumapili ulikuwa wa kwaya. Uliimba besi, tena vibaya, na hakuna aliyethubutu kukuambia. Dada yako Phionah ulimfundisha hesabu mpaka akalia, ukaendelea kumfundisha mpaka akazipenda.

Kazi yako acha tuieleze wenyewe, maana waliojitia kuieleza wameiharibu. Kiwandani, kule Nyamwamba, Kasese, kuna mnara wa chuma unaotenganisha spiriti ya hospitali na maji. Ndani yake zimepangwa sahani, moja juu ya nyingine. Mvuke unapanda, maji yanashuka, na kila sahani ina joto lake. Wewe hukuwa unapika kitu. Uliuiga mnara ule kwenye kompyuta, kwa hesabu tupu, ili wajue watahitaji mvuke kiasi gani kabla hawajawasha moto.

Programu uliyoikuta ilibeba sahani zote kwa mpigo. Inazunguka na kuzunguka, umeme ukikatika kazi yote imepotea. Ijumaa moja ulifika nyumbani umenuna. Mama yako alipokuuliza una nini, ukamwambia, "Mama, unakumbuka nyumba za kwa babu, Kyarumba, zile za mulimani? Kila nyumba iko na jirani wa juu na jirani wa chini, basi. Sasa kwa nini niulize mulima muzima mara moja? Naanza juu, nashuka nyumba kwa nyumba, kila moja inanipa neno ya kupelekea ya chini. Nikifika ya mwisho, jibu iko hapo. Napanda nayo, nagawia kila mutu yake."

"Na ukikosea?"

"Narudia kutoka pale nilifikia, sianzi upya. Kila nikishuka na kupanda, makosa inapungua."

Ukaiandika hivyo. Hesabu iliyokuwa ikishinda kutwa nzima ikawa inaisha chai haijapoa. Kiwanda kikapunguza kuni, na wewe ukacheka wiki nzima.

Kisha ukaugua homa ya ini. Mzee Nasani, mkuu wa baraza la kanisa letu, akajijumlishia mambo yake: kijana ni wa mitambo ya spiriti, ini limeharibika, basi alikuwa mlevi. Daktari alieleza kwamba ni virusi. Nani alimsikiliza? Wewe ambaye hata tonto, pombe ya ndizi ya harusini, ulikuwa unaipisha! Siku ya mazishi mzee akasimama mlangoni, jeneza liko mabegani mwa watu, akasema, "Mutu ya waragi haingii humu." Kengele haikupigwa.

Ebo! Nesi akipangusa mkono wa mtoto kabla ya sindano, nani anauliza spiriti ile imetoka wapi? Na ile waragi inayonywewa nyuma ya maduka kila Jumamosi, tukianza kutaja wanywaji wake, baraza litabaki viti vitupu.

Mwezi huu tuliomba ibada ya kutimiza mwaka. Mzee akamwita mama yako mbele ya baraza, na Phionah akamsindikiza.

"Mama Maate, sisi hatuna neno na wewe," mzee alisema. "Sema tu mutoto alitubu mbele ya kufa. Kengele italia, utaingia na jamaa yako yote."

Tunataka ujue, Bright, kwamba mama yako aliitaka sana kengele ile. Ililia kwa wazazi wake, ikalia kwa baba yako. Mwaka huu wote, kila ilipolia kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, alikwenda nyuma ya nyumba akalia peke yake. Pale mbele ya baraza aliinama akatazama mikono yake. Phionah alidhani atakubali. Anakiri kwamba yeye mwenyewe angekubali, yaishe.

Mama yako akauliza, "Alitubu nini?"

"Pombe."

"Na kama hakunywa?"

"Mama Maate, ni maneno tu."

Akasimama, akakaza kitenge chake. "Mwaka jana mulimuacha inje kwa sababu ya uongo yenu. Leo munataka uongo ile ipite kwa mudomo yangu, mimi nilimuzaa? Hapana, muzee. Kengele ibaki yenu."

Akatoka bila kuaga. Alipofika nyumbani aliketi chini jikoni akalia kama siku ile uliyofariki, na Edisa akalia naye. Mama mzima anaambiwa amuuze mwanawe ndipo aombewe! Tuna hasira, na hatuoni haya kuisema.

Jumamosi hii tutasali uani kwetu. Wenzako wa kwaya wanaotaka kuja, karibu. Wanaomwogopa mzee, wakae kwao.

Tunaokukumbuka ni mama yako Alisi, mkeo Edisa, binti yako Naome, dada yako Phionah, na wajomba zako wote wa Kyarumba.

Maadamu tuko hai hatutakusahau, mwanetu, wala hatutakuombea msamaha wa kosa ambalo hukulifanya.