Mteja wa Meza ya Dirishani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imesaidia na kwamba siku hizi unapata usingizi, angalau kidogo. Wanao wote nawasalimia. Mimi ni mzima, ila mkono umeungua kidogo, nitakueleza.

Kesi ya mwanetu ilitajwa jana. Najua ulivyoisubiri siku hiyo, kwa hiyo sitakuzungusha: imefutwa. Hakimu amesema haiwezi kukaa mahakamani milele wakati askari aliyempiga risasi hajapatikana tangu apewe dhamana. Kaa chini kwanza, maana mazito bado.

Huyo askari hajatoroka popote. Yupo, na amepandishwa cheo! Mwezi uliopita alihamishiwa kituo hiki hiki cha polisi ninachopikia. Alipoingia tu kantini nilimtambua, kwa sababu siku aliposomewa mashtaka, wewe ukiwa umelazwa, nilikaa nyuma yake nikamkodolea macho mpaka shingo yake nikaijua kama sufuria zangu. Nilitaka kupiga mayowe, nikajiuma ulimi. Niliona nikifungua mdomo mapema watamhamisha tena. Heri nisubiri siku ya kesi. Wewe sikukuambia kwa sababu nakujua, ungekuja na mguu huo huo na mchi mkononi. Basi kila mchana nikampakulia, pale meza ya dirishani.

Mahakama na kantini zinatazamana, ni kuvuka ua tu. Jana nilimwekea nyama mara mbili ya wenzake, makusudi, ili akae sana mezani. Kisha nikavuka na aproni yangu. Mwendesha mashtaka akasimama, uso mkavu, akasema mshtakiwa anatafutwa kila kona. Nikanyoosha mkono nikamwambia hakimu kwamba huyo anayetafutwa kila kona yuko hapo ng'ambo, anafyonza mifupa niliyompikia mimi. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, maana na yeye hula meza ya pili kutoka hapo. Akamtuma karani akatazame. Karani akarudi anachokonoa meno, akasema hakuona mtu. Lo, watu wengine hawana haya! Faili likafungwa.

Nikarudi jikoni. Yule mtu bado yupo, anaagiza chai. Nikamwambia mbele ya wote kwamba alimuua mwanetu akitoka dukani, mkate mkononi. Wenzake wakainamia sahani zao. Yeye akanipa pole. Akasema kesi imekwisha, mama, tusonge mbele, na sukari isizidi.

Dada, nilimmwagia birika zima mapajani.

Mimi nilipatikana papo hapo, upelelezi haukuhitajika. Nakuandikia nikiwa mahabusu. Mpishi mwenzangu ataitoa barua hii ndani ya sufuria tupu. Usinilaumu. Sijutii kitu, ila chai ilikuwa imeanza kupoa.

Sasa nisikilize vizuri. Nimeshtakiwa kwa kumjeruhi askari, na Jumatatu nasimama mbele ya hakimu yule yule. Mlalamikaji lazima afike mwenyewe, aape na kutaja jina lake kamili. Njoo, Dada, hata kwa kubebwa, ukae benchi la mbele. Wataita jina lake, naye ataitikia.

Nisalimie majirani, na uwaambie sijafa.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba wa mama.