Matairi Yasifunikwe

Mpendwa mshauri, ninachokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, na naomba unisaidie kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu mambo ya gari letu jipya, na wala sikuligonga, hata kuliwasha sijui, nimeyaharibu kwa kusoma.

Baba ni fundi cherehani. Gari lilipoletwa, majirani hawajamaliza hata kuligusagusa, alikuwa ameshalishonea nguo, viti, usukani, na matairi yote akayakatia makoti ya turubai yenye pindo maradufu ili jua lisiyale likiwa limeegeshwa. Halafu akaingiwa na wasiwasi kwamba pengine makoti yanavunja masharti ya dhamana, akaniletea kitabu cha gari, chote Kiingereza kitupu, mbele ya wateja wake, maana ndivyo anavyonitangaza, binti wa lugha mbili, na mimi ambaye darasani nikiitwa jina naitika kwa sauti ndogo hadi mwalimu huniandika sijafika, siku hiyo nikajisikia. Nikafika ukurasa wa matairi, nikakuta neno "cover", ambalo tangu utotoni najua ni kufunika, na katika nyumba ambayo hata rimoti ina kava ningewaza nini kingine, nikatafsiri bila kupepesa macho: chini ya dhamana hii matairi yasifunikwe, yatafunikwa na kampuni iliyoyatengeneza.

Baba alivua tepu shingoni, kama fundi aliyeambiwa mshono wake umekwenda upande.

"Kwa hiyo wana fundi wao," akasema.

Akayavua makoti, akayakunja, akayatia kabatini, na tangu hapo anasubiri kampuni ije kuchukua vipimo. Cheka tu, mshauri, hata mimi ningecheka kama ingekuwa nyumba ya watu wengine.

Sasa wiki iliyopita gari limeingia shimoni, tairi la mbele likatoka uvimbe ubavuni kama mtu aliyeficha pipi shavuni. Mjomba, ambaye ni dereva wa lori, akamwambia Baba alitoe, tairi la hivyo hupasuka bila kuaga, Baba akakataa, akasema ushahidi hauguswi, ataenda nalo hivyo hivyo kule walikotuuzia gari akipata nafasi, na mimi ndiye nitakayemsemea. Hotuba ameshanipangia.

"Utawaambia kwa Kiingereza kizuri kwamba hatujayafunika hata siku moja."

Na juzi mwalimu akatusomesha habari ya bima, neno lile lile likatokea, kumbe kwenye mambo ya dhamana maana yake ni kubeba jukumu, yaani dhamana ya gari haihusiki na matairi, matairi yana dhamana yake kwa aliyeyatengeneza. Masikio yalinichemka. Nimejaribu kumwambia Baba, nafungua mdomo, najikuta namuuliza kama anataka chai, sasa hivi anakunywa chai kupita kiasi. Na kila asubuhi anampeleka Mama kazini kwa tairi hilo, Mama amekaa upande ule ule wa uvimbe, ananipungia mkono. Nikisema nitamwaibisha, nisiposema ndiyo kabisa, nifanyeje, maana viatu vya Baba hivyo koridoni, karatasi naificha chini ya

*Mshauri anajibu*

Binti yangu, barua yako imeishia "chini ya", sijui chini ya nini, lakini nimeipitisha mbele ya wachumba wote waliokorofishana, maana wao wanaweza kusubiri na tairi haliwezi. Nakiri nilicheka nilipofika kwenye kampuni ya kuja kuchukua vipimo. Nilipofika kwa mama yako anayekupungia mkono, nikaacha.

Neno hilo limewatelezesha watu wazima wenye miwani. Kosa lako ni chai. Eti unaogopa kumwaibisha baba yako? Ataaibika kwenye kaunta ya wauzaji, akiapa hajayafunika matairi, na wewe ndiye utakuwa kipaza sauti chake.

Sikiliza. Gari lisitoke tena kabla hujasema: "Baba, nilikosea kutafsiri, tairi litolewe." Ishia hapo. Lifungwe la akiba. Uvimbe hautapotea kwa tairi kulala kwenye buti, ushahidi wake wataukuta. Kisha tazama kwenye droo ya dashibodi, huenda kuna kijitabu cha pili, cha mtengenezaji wa matairi. Kikikosekana, wauzaji watawaelekeza pa kukipata. Kisome na mwalimu wako, usijitie ujuzi tena. Dhamana za namna hiyo kwa kawaida hubeba kasoro za kiwandani, na shimo la barabarani si kiwanda, kwa hiyo Baba aende kuuliza, asiende kudai. Na aulize mwenyewe: walimuuzia gari kwa Kiswahili, watamjibu kwa Kiswahili.

Atakasirika, hasa kwa ajili ya yale makoti. Fundi aliyevuliwa kazi yake bure ana haki ya kununa. Mwache anune.

Na sauti ikikataa kabisa kutoka, nenda kasimame mbele ya gari asubuhi, mikono juu ya boneti. Atashusha kioo akuulize una nini. Usimtajie chai.