Gunia la Tisa Halikuwa Langu

Gashonga, Cyangugu
Tarehe 11 Machi 2003

Mpendwa Papa mudogo Dominique,

Nakusalimu katika jina la Yesu, wewe na Mama mudogo Véronique na nyumba yote ya huko Kigoma. Miguu yako inaendeleaje? Aliyeleta barua yako alisema siku hizi unatembea kwa fimbo, ila kanisani hukosi. Mimi ni mzima, nimekonda tu. Mvua imeanza vizuri, na binti yangu Chloé amepanda maharagwe shamba lote la chini peke yake.

Naandikia nyumbani kwangu, si gerezani. Nimetoka siku kumi na mbili zilizopita.

Nikueleze ilivyokuwa, maana naona habari ilikufikia nusu. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilipakia magunia manane ya mihogo mikavu kwenye camionnette ya Hategekimana, yafike Kamembe, kisha yavuke kwenda Bukavu. Unajua vita vilivyoufanya ule mji. Wanakula kinachovuka daraja, na kuvusha ndiyo kazi yangu tangu nirudi huku. Gari lilikuwa na mizigo ya watu wengine pia. Njiani askari walitusimamisha, wakaanza kutoboa magunia kwa chuma chembamba. Katika moja, chini ya mihogo kidogo ya juu juu, kulikuwa na bangi.

Hategekimana hakungoja kuulizwa. "Yote ni ya huyu maman," akasema. "Miye ninabebaka tu."

"Yangu ni munane," nikawaambia. "Muhesabu. Hii ni ya tisa."

Hawakuhesabu. Waliandika kwamba nimekutwa na bangi na kwamba ninaiuza. Mahakama ya kwanza ilinisikiliza muda usiotosha kuchemsha chai, ikanipa miaka minne.

Barua yako ya Noeli ilinikuta ndani. Uliniambia nikubali kosa na kuomba msamaha, ili wanipunguzie, na jina la ukoo lisiendelee kutajwa mahakamani. Papa mudogo, baba alipokufa wewe ndiye uliyenilea pale Bukavu, na sikuwahi kukukatalia neno. Hili nililikataa. Niliisoma barua yako mara mbili, nikaikunja, na kesho yake nikaandika rufaa kwa mkono wangu. Nakuheshimu kama zamani, lakini kwa hilo siombi radhi.

Hukuwa peke yako. Nyiraneza, tuliyekuwa tunalala mkeka mmoja, alikubali kosa lake, maana alilifanya kweli, na wakampunguzia. Alinisihi, "Maman Chloé, itika tu. Batakupunguzia myaka, urudi kwa mutoto."

Nikamwambia, "Nikiitika, ni mama gani atarudi kwake?"

Baadaye yeye ndiye aliyenitafutia karatasi ya kuandikia rufaa.

Chloé naye alifanya ambalo mimi nisingeweza. Mtoza ushuru wa soko la hapa hubaki na kipande cha kila risiti. Mtoto alikwenda kwake mara tatu. Mara mbili alifukuzwa, ya tatu akakaa mlangoni mpaka akafunguliwa sanduku la risiti. Kipande kilikuwepo, na jina langu, na tarehe ile ile: magunia manane.

Siku ya rufaa nilisimama na nguo ya gereza, ya rangi ya waridi, bila avoka wa kunitetea. Jaji alikisoma kile kipande cha risiti, akamgeukia mwendesha mashtaka. "Aliuzia nani?"

Yule akafunua karatasi zake. "Mnunuzi hajulikani."

"Aliuza lini?"

Akafunua tena, halafu akakaa.

Baada ya wiki mbili walisoma uamuzi. Kosa la kuuza limefutwa. Kosa la kukutwa na bangi limebaki, kwa sababu nilikuwa ndani ya gari pamoja na mzigo, na risiti, walisema, inaonyesha nilichokilipia ushuru, haionyeshi nilichokibeba. Miaka minne ikawa miezi minane, na hiyo nilikuwa nimeshaimaliza. Wanawake wa gerezani waliimba. Chloé alilia mpaka akapata kwikwi.

Mimi sikuimba. Karatasi ya hukumu bado inasema bangi ilikuwa yangu. Kwa karatasi hiyo nimenyimwa kibali cha kuvuka mpaka. Kwenye kwaya wameniambia ningoje kwanza. Shuleni wanamwita mwanangu Kabangi.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita nilirudi mahakamani, nikaomba kesi iende mahakama ya juu kabisa, Kigali. Karani aliniangalia sana. "Maman, si umetoka? Unatafuta nini tena?"

"Nilifungwa kwa vitu viwili," nikamwambia. "Kimoja mumekitoa. Nimekuja kufuata kile kingine."

Cassien, mdogo wangu, anasema nitajichosha bure, huko nitashindwa. Huenda. Lakini watalazimika kuniandikia kwa nini, na hukumu hiyo nitaisoma mwenyewe.

Hategekimana bado anaendesha gari lake. Jumamosi tulikutana sokoni, akanisalimu kama vile tuliachana jana. Nilimwitikia salamu, kisha nikamuuliza mbele ya watu lile gunia lilikuwa la nani. Alipanda gari akaondoka hajamaliza kupakia. Nitamuuliza kila nitakapomkuta.

Nina ombi moja, Papa mudogo, nalo ni zito kwangu. Aliyeleta barua alisema kwamba kila Jumapili, huko kwenu, mnaniombea nitubu. Nakuomba usimame mbele ya wale wakristo, wewe mwenyewe, uwaambie sala hiyo iishe. Wakipenda kuniombea, waombe mashahidi waseme kweli. Ya kutubu ninayo, kama kila mtu, lakini bangi haimo.

Unisalimie Mama mudogo, na Ciza na mke wake, na Benitha, ambaye nasikia amejifungua. Chloé anakusalimu, anasema atakuandikia yeye mwenyewe mitihani ikiisha. Mungu akupe nguvu ya miguu, na akulinde mpaka tuonane tena.

Wako akupendaye, na asiyekubali,

Marguerite Mukandayisenga