Siku Moja Haikumtosha Baba

Mjukuu wangu Neema,

Mwangaluka. Huku Kalemela hatujambo. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na mpunga umestawi. Umeniuliza kama siku moja itatosha kumpeleka mama yako kwa mashua kuona mikoko ya huko Tanga, atakapokuja kukutembelea. Mwambie afungashe na nguo za kulala.

Baba yangu, mfugaji wa Mwandoya, hakuwahi kupanda mtumbwi. Nilipoolewa huku ziwani alikuja kunisalimia, tukapanga kumpeleka kwenye mafunjo wanakotaga ndege. Asubuhi upepo ukavuma sana. Mume wangu akamsihi, "Baba, lala leo, kesho upepo utatulia."

"Na ng'ombe wangu je?" akajibu, akapanda basi la mchana.

Jioni ziwa likatulia kabisa. Nililitazama mpaka machozi yakanitoka. Hakuja tena, miguu ilimkatalia.

Siku ya mazishi yake, jirani yake aliniambia, "Mzee alitusimulia sana mlivyompandisha mtumbwi, na ndege walivyomrukia kichwani."

Nikamwitikia tu, "Ndiyo, walikuwa wengi."

Wasalimie wote hapo kwako.

Bibi yako,
Wande